Aje Mwenyewe na Kidole Chake

“Mwambie mzee aje mwenyewe na kidole chake,” kijana alisema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuhudumia wazee anaodhani hawasikii, na foleni nzima ikageuka kumtafuta huyo mzee. Mzee yuko Newala, kaburini, tangu mwezi wa saba. Nikamweleza hivyo. Akatazama skrini, akanitazama mimi, akarudi kwenye skrini, kisha akatoa swali linaloniwasha hadi leo: “Sasa Bibi, hakuacha maelekezo?”

Hapo ni Masasi mjini, saa tano asubuhi, kwenye duka la laini ambalo sitalitaja jina kwa sababu nina madai nalo. Nilikuwa nimetoka eda juzi yake. Miezi minne na siku kumi ndani ya ua, sipaki wanja wala manukato, napokea wageni na kuambiwa nishukuru. Siku ya safari nikaoga, nikavaa doti mpya ya khanga, nikapanda gari na kuteremka kutoka juu Makonde kwenye lile vumbi jekundu, nikafika Masasi nina rangi moja na barabara. Hata yale majabali yanayouzunguka mji niliyafurahia, maana yalikuwa kitu cha kwanza kwa muda mrefu kilichonitazama bila kunipa pole. Kumbe furaha yangu ilikuwa na umbali wa kutoka stendi hadi dukani.

Shida ilianzia kisimani. Ndugu msomaji wa Moshi, ambaye kwenu maji yanapita mferejini yakiimba, huku juu kwetu ardhi ni mchanga unaomeza mvua yote ikazama chini kabisa. Mto hakuna. Chemchemi ziko kwenye miteremko na mabondeni, na bibi zetu walizifuata huko kwa miguu, wakapanda mlima na maji kichwani. Mradi wa maji wa Makonde unasukuma maji kutoka bondeni tangu miaka ya 1950, na siku yanapotoka bombani tunapigiana simu kupeana habari. Siku nyingine zote ni kisima cha saruji uani kinachokinga mvua ya bati. Kufikia mwezi wa kumi na moja kinakuwa na maji ya kufika kifundo cha mguu. Mtoto akianguka humo ataumia, hatazama. Mimi simu huifunga kwenye kona ya khanga. Niliinama na ndoo, fundo likalegea, simu ikaenda.

Mjukuu aliitoa. Akaifungua, akaianika juani vipande vipande juu ya ungo, betri huku, mfuniko kule, laini katikati. Alipokwenda kunywa uji, kuku walipita. Laini haikuonekana tena. Mjukuu anamshuku jogoo. Mimi namshuku tetea mmoja mwenye tabia hizo. Kuchinja kuku sita ili nitafute laini nilikataa.

Ila ndani ya laini ile kulikuwa na rambirambi. Watoto, wakwe, wenzangu wa kikundi cha kuzikana, watu aliosoma nao marehemu, wote walituma kwa namba ile, na mimi sikuzitoa, nazitunza kwa ajili ya hitima. Kwa hiyo nikaenda Masasi nipewe laini nyingine yenye namba ileile, jambo ambalo vijana hulifanya wakiwa wanatafuna muhogo wa kuchoma. Kijana akaandika namba yangu na jina la mume wangu likatokea.

Lazima nieleze jina lake lilifikaje huko. Mwaka 2019 Serikali iliamuru kila laini isajiliwe upya kwa alama za vidole. Mwisho ulikuwa tarehe 31 Desemba, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020, na sisi kwa desturi yetu tukajaa kwenye foleni wiki ile ya mwisho. Nikaweka dole gumba, mashine ikakataa. Nikaweka la pili, ikakataa. Watu nyuma yangu wakaanza kuguna. Mume wangu akanisogeza pembeni taratibu, akaweka dole gumba lake mara moja tu, mashine ikalia kwa furaha, akasajili laini yake na yangu kwa mkupuo. Njia nzima ya kurudi alikuwa akilitazama lile dole kwa heshima ambayo sikuwahi kumwona akiipa sehemu nyingine ya mwili wake.

Kijana wa Masasi, nimpe haki yake, alinihurumia. Akasema tuiache ile namba, anisajilie laini mpya kwa jina langu mwenyewe. Akasogeza kile kidude chenye kioo. Nikaweka dole gumba la kulia. Kikagoma. “Futa, Bibi.” Nikafuta. “Kandamiza.” Nikakandamiza. “Usikandamize sana.” Tukahamia kidole cha shahada, cha kati, cha pete, tukavuka kwenda mkono wa kushoto, na kila kidole foleni ilikisindikiza kwa ushauri. Mama mmoja mwenye ndoo ya samaki alisema nipake mafuta. Mwenzake akasema mafuta ndiyo yanaharibu, nifute kwenye nywele. Mwalimu mmoja, nilimjua ni mwalimu kwa jinsi alivyosubiri kimya kipatikane, alishauri maji ya uvuguvugu. Mgambo wa mlangoni akauliza kama sheria inakataza kidole cha mguu. Tulipomaliza vyote, kijana akashusha pumzi na kutangaza: “Bibi, wewe huna vidole.”

Ninavyo kumi. Nilivinyanyua vyote mbele yake, na nadhani kwa jinsi nilivyovipanga kimoja kilikaa vibaya, maana mgambo aliniomba nitoke nje nipumzike.

Nilipofika nyumbani sikupumzika. Nilimkalisha mjukuu mwingine, anayesoma sayansi, anieleze ile mashine inataka nini kwangu, na tangu siku hiyo ninatazama ncha za vidole vya watu hata msikitini. Ile michoro inaanza kuchorwa mtu akiwa bado tumboni mwa mama yake, na kufikia mwezi wa sita hivi wa mimba imekamilika. Mapacha wa yai moja, ambao mama yao mwenyewe anawachanganya, hawafanani vidole, kwa sababu kila kimoja kilibanwa kwa namna yake, kikagusa hiki au kile humo ndani kilimokuwa kikielea. Ngozi ya ncha ya kidole ukiitazama vizuri ni shamba la matuta ya muhogo: tuta, mfereji, tuta, mfereji. Ukigandamiza kwenye kioo, tuta linagusa na mfereji haugusi. Mashine inapiga mwanga kwa chini. Pale palipoguswa mwanga unarudi namna moja, pale palipo wazi unarudi namna nyingine, na hapo inapata picha. Wala haishughuliki na picha nzima. Inatafuta mahali ambapo tuta linakatika ghafla na mahali ambapo tuta moja linagawanyika kuwa mawili, inaweka alama, inapima tuta linaelekea wapi na nukta moja iko umbali gani na nyingine, kisha inaenda kuulizia kwenye kumbukumbu za NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa, kama nukta hizo zinafanana na za mwenye namba ya kitambulisho uliyoitaja. Mambo yote hayo mtu hajamaliza hata kupiga chafya. Nilimwambia mjukuu aniambie tena tangu mwanzo, akaniambia, nikasahau hasira kabisa kwa robo saa.

Hasira ilirudi tulipofika kwenye uzee. Ngozi ya mzee inapoteza unyumbufu wake, matuta yanashuka, mikunjo mipya inakatiza katikati, na jasho linapungua. Mashine inapenda kidole chenye unyevu kidogo. Inataka mtu anayetoka jasho! Jasho langu nimelitoa miaka yote hiyo, hakuna aliyekuja na kioo.

Lakini uzee ni sehemu ndogo ya kesi yangu. Mshitakiwa mkuu ni korosho.

Korosho mnayoitafuna nyinyi kwenye harusi imetoka ndani ya ganda lenye kuta mbili, na katikati ya kuta hizo kuna vitundu vingi vimejaa mafuta mazito ya rangi ya kahawia. Mafuta hayo ni makali ajabu. Yanaunguza ngozi, inakuwa nyeusi, inakakamaa, kisha inachunika. Korosho ina undugu na mwembe, na wale ambao utomvu wa embe uliwahi kuwatoa vipele mdomoni wamekutana na ndugu mdogo tu, mpole. Sisi tunaobangua nyumbani tunatandika bati juu ya mafiga, tunamwaga korosho, tunakoroga kwa mti mrefu. Mafuta yanaanza kutoka, yanashika moto yenyewe, moshi unapanda mweusi na mkali hadi mbuzi wanahama. Unapindua bati, unamwagia mchanga kuzima. Zikipoa unakaa chini, jiwe hapa, kigongo kule, moja moja, na hapa ndipo ufundi ulipo: ukipiga kidogo haipasuki, ukipiga sana kiini kinasagika na bei yake inasagika nacho. Tunapaka majivu vidoleni kabla hatujaanza. Majivu yanasaidia kwa saa ya kwanza. Mafuta hayohayo yaliyokula vidole vyangu, viwandani duniani huko hutengenezewa vitu vya maana, rangi na bitana za breki za magari. Yana nguvu ya kusimamisha lori. Dole gumba la bibi ni kitu gani?

Mjukuu anasema ngozi huota tena na matuta yake yaleyale, kwa sababu ramani iko safu ya chini, mradi isiunguzwe hadi huko. Nakubali. NIDA walinichukua alama mwezi wa tano na hawakunisumbua, vidole vilikuwa vimepumzika. Ila ile Januari ya 2020 nilikuwa nimetoka kubangua, na safari hii pia, kwa sababu mwanamke aliye kwenye eda msimu wa korosho atafanya nini kingine? Nilibangua kutwa nzima. Kulikuwa na kimya kingi ndani ya nyumba na kigongo kilisaidia.

Sasa niseme la moyoni. Kazi hii haikupaswa kuwa ya vidole vyangu. Miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 Serikali ilikopa Benki ya Dunia ikajenga viwanda vikubwa vya kubangua korosho, na Masasi na Newala tulipewa. Mitambo ilitoka ng’ambo. Vingi havikufika mbali. Vilisimama, vikaja kuuzwa, na vingine vikageuzwa maghala, nyumba iliyojengwa ili korosho itoke humo imevuliwa ganda sasa inailaza ikiwa na ganda lake. Sehemu kubwa ya korosho yetu inapanda meli ghafi kwenda India na Vietnam, ikavuliwe na watu wengine. Inayobaki tunaivua sisi, akina mama na bibi, uani, bila glavu. Novemba 2018 Rais Magufuli alikataa bei za wanunuzi, akasema Serikali itanunua yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kubeba. Wakapita na wahakiki kuhakikisha kila anayedai malipo ana mikorosho kweli na si mtu wa kangomba, anayenunua kinyemela kwa wakulima. Walikagua mashamba. Hakuna aliyesema, mama, hebu nione mikono.

Mume wangu hakubangua korosho hata moja maishani mwake. Alipulizia salfa, alipalilia, aliokota, alibeba magunia hadi chama cha msingi, kazi za kiume hizo sikatai. Ila ukimtajia kubangua alikuwa anakumbuka mgonjwa wa kwenda kumjulia hali. Kwa hiyo alikufa na vidole safi, vya karani. Na kwa vidole hivyo akawa mwenye laini yake, mwenye laini yangu, na mwenye jina kwenye daftari la chama. Sisi Wamakonde, kwa asili, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwanamume ndiye anayekuja kwa mkewe na kifurushi chake. Yeye alikuja hivyo. Ua ni wa mama yangu, mikorosho ya nyuma ya nyumba aliipanda mjomba wangu. Mtu aliyehamia kwetu na sanduku moja la bati leo ndiye mwenye simu yangu, na hayupo nimfokee. Natamani sana nimfokee. Angecheka, angenyanyua lile dole gumba lake.

Msibani watani walifanya kazi nzuri kuliko kampuni ya simu. Mmoja alivaa koti la marehemu, akakaa kwenye kiti chake, akaagiza chai na kulalamika haina sukari, sauti yenyewe ileile. Wajukuu waliotoka Dar walidhani ametukana. Mimi nilimletea chai, nikamwongezea sukari, akanidai na nauli. Ingekuwa mtani yule ndiye mwenye duka la laini, tungekuwa tumemaliza.

Kijana alikuwa ameniandikia kwenye karatasi vinavyotakiwa ili nipate kilicho changu: cheti cha kifo, barua ya mtendaji, muhtasari wa kikao cha ukoo wenye saini, kisha Mahakama ya Mwanzo wamteue msimamizi wa mirathi, halafu nirudi. Haya yote kwa kadi ambayo kuku mmoja aliimeza bila hata kunywa maji. Kikao cha ukoo kikakaa. Shemeji yangu, mtu wa dini sana, akakumbusha kwamba mjane mwenye watoto fungu lake ni thumuni. Namba ya simu ina tarakimu kumi. Nikapiga hesabu pale pale nikawaambia fungu langu ni tarakimu moja na robo, nitachukua ile sifuri ya mwanzo, robo nawasamehe. Mwanangu mkubwa alicheka, kisha akatoka nje akakaa huko muda mrefu.

Mengine ya mwaka huu ni madogo. Bodaboda alinishusha kwa kunibeba, mbele za watu, bila kuniuliza. Jino la mwisho la mbele lilibaki kwenye ming’oko. Nachemsha chai ya watu wawili, nakunywa vikombe vyote viwili. Hospitali niliona bango la kuwapisha wazee kwanza, na chini yake foleni ya wazee watupu, kila mmoja akimwambia mwenzake “pita wewe,” hadi daktari akaenda kula. Wazee wa Zanzibar waliofika miaka 70 walianza kulipwa pensheni ya kila mwezi Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa kuanzia, awe alikuwa mwajiriwa au mvuvi. Sisi wakulima wa bara tumepewa lile bango.

Mkisema mimi ni mlalamishi, nakubali, lakini mashine ibadilishwe. Mtu asiyesomeka vidole ana uso, ana mtendaji wa kijiji, ana majirani waliomjua tangu hajaolewa. Iwekwe sheria kwamba hao wanatosha, na iandikwe ukutani kwenye kila duka la laini ili vijana wasilazimike kutangaza nani hana vidole. Na wewe mwenye mama au bibi huku Newala, Masasi au Tandahimba, mpeleke akasajili mambo yake kati ya mwezi wa nne na wa sita, kabla korosho hazijaanza kuanguka, na asajili kwa jina lake, hata kama mzee ana haraka na dole lake linang’aa.

Kwa sasa natumia laini mpya iliyosajiliwa kwa kidole cha mjukuu, kwa hiyo ukinitumia pesa litatokea jina la mtoto wa kiume wa kidato cha sita. Usishtuke, ni mimi. Na nyote mliotuma rambirambi kwa namba ya zamani, asanteni sana, zimefika zote. Anazo marehemu. Msitume nyingine huko mpaka mahakama iseme.